Slab City: kwenda kupiga picha huko ni utalii au kuchungulia shida za watu?

Wadau leteni hoja hapa. Slab City iko jangwani California, nje kidogo ya kamji ka Niland. Wakati wa vita ya pili ilikuwa kambi ya mazoezi ya wanajeshi wa Marine, Camp Dunlap, baadae jeshi likabomoa majengo likaacha sakafu za zege tupu, ndo watu wakaja na matrela na mabasi mabovu wakapaki juu yake mpaka leo. Umeme wa gridi hamna, maji ya bomba hamna, kodi ya nyumba hamna, na ardhi ni ya jimbo. Kuna wastaafu wanaokimbia baridi ya kaskazini wanaondoka joto likianza kuchoma, ila kuna wanaobaki na hizo nyuzi 45 za kiangazi kwasababu hawana pa kwenda, hilo tusifichane.

Watalii wanafuata Salvation Mountain, kilima cha kutengenezwa kwa mikono kilichopakwa rangi na maandishi ya dini. Mzee Leonard Knight alianza kuujenga 1984 kwa saruji na mchanga, 1989 mlima ukaporomoka wote, akaanza upya kwa udongo na majani makavu halafu rangi juu ya rangi, watu wanamletea makopo ya rangi, "Mungu ni upendo" unaisoma ukiwa mbali kabisa. Alikuwa analala kwenye lori lake hapohapo, ukifika anakutembeza mwenyewe bure. Kafariki 2014.

Mimi nasema mlimani nendeni, mwenyewe aliujenga uonwe. East Jesus nayo nendeni, zile sanamu za takataka alizoanzisha Charlie Russell zinapokea wageni. Ila ukitoka hapo ukaanza kupitisha kamera kwenye trela la mtu anayefua nguo zake, hapo sikuelewi, yeye sio onyesho.

Mdau mwingine: Mkuu nakupinga. 1994 kaunti ilisema rangi ya mlima ina madini ya risasi, ikataka kuuvunja, kilichouokoa ni watu kusaini pingamizi na udongo kupimwa tena na wapimaji wengine ukakutwa hauna shida, na 2002 Seneta Barbara Boxer akausifia Bungeni kama hazina ya taifa. Bila wageni kuujua nani angesaini? Kamera ndo ulinzi wao, jimbo likiamua kuuza hiyo ardhi kesho watategemea nini?

Sawa mkuu, kwa mlima umenishika. Ila sahihi zile zilikuwa za kuokoa mlima, sio za kumpa maji yule wa kwenye trela, umaarufu wote huo na bado maji anayafuata mwenyewe. Ni yaleyale ya matembezi ya Kibera, mgeni anaondoka na picha na mwenye nyumba hajaulizwa hata jina. Kama kamera ni ulinzi basi aseme anayelindwa, kwahiyo omba ruhusa kwanza, akikataa weka simu mfukoni uendelee na safari.