Foki mpya imekatwa kwa tupa ili kalipa ikae: wauza vipuri vya baiskeli Kigoma, acheni kuchezea breki za mbele

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Naandika nikiwa na hasira, na naomba nisomwe hasa na wale wanaouza na kufunga vipuri vya baiskeli za gia hapa Kigoma, kwa sababu jambo hili halihusu fedha zangu peke yake. Nilinunua foki ya shokapu, yaani ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, katika duka moja la hapa mjini ili niondoe ile ya zamani, ambayo ilikuwa imevuja mafuta na kulala kabisa. Kabla sijalipa nilimpa muuzaji gurudumu langu la mbele alishike mwenyewe, likiwa na diski yake ya breki iliyochorwa namba 160 ubavuni, maana yake kipenyo cha milimita 160. Nikamwonyesha pia kalipa yangu, yaani kile kifaa chenye pedi zinazoibana diski, ambayo ni ya kuvutwa kwa waya, kisha nikamuuliza waziwazi kama vitu hivyo vitakaa pamoja na foki anayoniuzia. Akanijibu kwamba foki zote za diski ni moja, na kwamba fundi wa duka atanifungia palepale.

Foki zote za diski si moja, na anayeziuza kila siku hana udhuru wa kutolijua hilo. Zipo zenye masikio mawili bapa, matundu yake hayana nyuzi na yameachana milimita 51. Bolti hupita kwa ubavu, na kalipa hukaa juu ya adapta, yaani kipande cha kuunganishia, inayofungwa kwenye masikio hayo. Zipo nyingine, ambazo ndizo nyingi sasa, zenye nguzo mbili fupi zinazotazama nyuma, nyuzi zikiwa ndani ya nguzo zenyewe na zikiwa zimeachana milimita 74. Foki yangu ya zamani ilikuwa ya masikio, na hii niliyouziwa ni ya nguzo. Tofauti hiyo peke yake isingenisumbua, kwa kuwa kalipa ikiondolewa kwenye adapta yake ya zamani, matundu yake yameachana milimita 74 hizohizo na inaweza kufungwa moja kwa moja kwenye nguzo.

Kilichoniponza ni urefu wa nguzo. Kiwanda huzipima kwa ajili ya diski ya ukubwa fulani, na foki hii ilitengenezwa kwa diski ya milimita 180. Diski ya 180 huizidi ya 160 kwa milimita 10 kila upande kutoka katikati ya habu, kwa hiyo kalipa ilikaa mbali kwa milimita hizo 10, na pedi zikawa zinashika ukingo wa nje tu wa diski huku sehemu yake kubwa ikining'inia hewani. Adapta huweza kuisogeza kalipa nje ili ipokee diski kubwa zaidi, lakini hakuna adapta inayoweza kuirudisha ndani, kwa sababu huwezi kupunguza urefu wa nguzo kwa kuongeza kipande cha chuma. Hapo palikuwa na njia mbili tu za haki: kuniuzia diski ya 180, ambayo ningeilipia bila neno, au kuichukua foki yao na kunirudishia fedha zangu.

Fundi wa duka aliona njia ya tatu. Alichukua tupa akazikata nguzo za foki.

Niliporudi kuchukua baiskeli nilikuta unga wa chuma unaong'aa umetapakaa kwenye rangi ya mguu wa kushoto, na vichwa vya zile nguzo vimekwanguliwa, kimoja kikiwa kimelalia upande wa ndani kuliko kingine. Kwa kuwa nguzo zilikuwa zimefupishwa, bolti zilikuwa zinagota mwisho wa tundu kabla hazijaibana kalipa, naye akazipachika washa chini ya vichwa vyake hadi zikaonekana zimekaza. Miguu ya chini ya foki za namna hii humiminwa kwa aloi ya magnesiamu, ambayo ni nyepesi lakini nyuzi zake huchanika upesi, na ndiyo maana Shimano, watengenezaji wa breki za baiskeli, huagiza bolti za kalipa zikazwe kwa Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 6 hadi 8 tu. Fundi huyu amezipunguza nyuzi hizohizo, kisha akakaza kwa nguvu za bega.

Naomba mtu asiniambie kwamba hayo ni mambo madogo. Baiskeli inapofunga breki, uzito mwingi huhamia mbele, na nguvu inayolisimamisha gurudumu hupitia kwenye bolti mbili za kalipa na nguzo mbili za foki, basi. Anayeufahamu mteremko wa kutoka Mwanga kushuka stesheni anajua mwendo ambao baiskeli huupata pale, na anajua jinsi bajaji na watembea kwa miguu wanavyojitokeza pembeni bila taarifa. Nguzo ikikatika hapo, kalipa inaweza kuvutwa na diski hadi ikaingia kwenye spoku, na gurudumu la mbele likisimama ghafla mwendeshaji hurushwa juu ya usukani. Sasa fikirieni wale vijana wanaoleta madumu ya mawese na mikungu ya ndizi mjini kwa baiskeli: mmoja wao akifungiwa breki namna hii, mzigo wote unamjia mgongoni.

Hayakuishia hapo. Kwa kuwa uso wa nguzo haukuwa sawa tena, kalipa ilikaa upogo, pedi zikawa zinauma diski kwa kona moja, na breki ikapiga kelele. Nilipolalamika, fundi yuleyule alichukua kitambaa chenye oili ya injini akaipaka diski mbele ya macho yangu ili, kwa maneno yake, isilie. Ni kweli haikulia tena, kwa kuwa haikushika tena. Pedi za diski hunyonya mafuta, na zikishanyonya huwezi kuzitegemea. Diski husafishwa kwa spiriti, lakini pedi ni za kutupa na kununua mpya. Fundi anayefanya kazi katika mji ambao kila mtu ana mafuta ya mawese mikononi angepaswa kuwa wa kwanza kunawa kabla ya kugusa diski ya mteja.

Nilipodai fedha zangu nilionyeshwa kibao ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Kibao hicho hakimpi mtu ruhusa ya kudanganya. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji katika biashara, na kuambiwa foki inapokea diski ya 160 wakati haipokei ni kupotoshwa kusiko na ubishi. Ninadai nirudishiwe bei ya foki na ya pedi, na ninadai fundi huyo asiguse breki ya mtu mwingine kabla hajafundishwa.

Kwa wauzaji wengine, ninalotaka si kubwa. Mwambieni mteja kabla ya kupokea fedha kama foki ni ya masikio au ya nguzo, inapokea diski ya ukubwa gani bila adapta, na ekseli yake ni ipi. Kalipa ikifika mahali pake pa haki, kuipanga hakuhitaji tupa hata kidogo: unalegeza bolti mbili hadi kalipa icheze, unabana mkono wa breki ili pedi ziishike diski, unakaza bolti kidogo kidogo kwa zamu, kisha unazungusha gurudumu na kusikiliza. Zile za waya ambazo pedi moja tu ndiyo husogea, unamalizia kwa kuisogeza ile iliyotulia hadi ikaribie diski bila kuigusa.

Nimepiga picha za nguzo zilizokatwa na washa zilizopachikwa, na nitaziweka hapa chini. Foki hiyo sitaipanda wala sitamuuzia mtu. Aliyepo Kigoma, Kasulu au Tabora mwenye diski ya 180 ya bolti sita na foki ya nguzo ambayo haijaguswa na tupa, ya ekseli ya kawaida ya milimita 9, naomba aandike bei yake kwenye uzi huu.