Damu huganda kwenye kioo: mbona haigandi ndani ya mshipa?

Mwanafunzi wa udaktari, mwaka wa pili (yuko mafunzoni Tabora):
Shikamooni madaktari, nanyi wenzangu habari za masomo. Juzi aliletwa wodini mrina asali kutoka msitu wa upande wa Sikonge, ameumwa na nyoka mkononi na fizi zinavuja damu. Tabibu wa zamu alivuta mililita 2 za damu, akazitia katika chupa ndogo ya kioo iliyo safi na kavu, akatukataza kabisa kuigusa. Baada ya dakika 20 aliinamisha chupa, damu ikatiririka kama maji, ilhali damu yangu, niliyoitoa ili tulinganishe, ilikuwa imeshika chini kama uji uliopoa. Jana tulirudia kwa chupa za plastiki, kwa kuwa za kioo zilikwisha, na safari hii hata damu yangu ilibaki maji. Nimekariri vigandishi vyote (protini za damu zinazoifanya igande) kwa namba zake, lakini sielewi: damu inayoganda kwenye kioo, mbona haigandi mwilini mwangu? Na ya mgonjwa ilipungukiwa nini?

Mtaalamu wa maabara, Kigoma:
Marahaba, mdogo wangu. Anza na ukuta wa mshipa, maana wengi hukimbilia vigandishi kabla ya kuutazama. Utando mwembamba wa seli uliotandikwa ndani ya mishipa na vyumba vya moyo hutoa prostasaiklini na nitriki oksaidi, ambazo huzuia chembe sahani (chembe ndogo za damu zinazoziba jeraha) zisishikane, na juu yake kuna molekuli za jamii ya heparini zinazoisaidia antithrombini, protini ya kuzuia kuganda, kuizima thrombini, kimeng'enya kinachogandisha damu. Nyuma ya utando huo ndiko kilikofichwa kichochezi cha tishu, protini inayoanzisha kuganda. Ukijikata, damu hukutana nacho: kigandishi cha VII huamka na kukiamsha cha X, cha X huigeuza protrombini kuwa thrombini, nayo thrombini huifanya fibrinojeni kuwa nyuzi za fibrini, ambazo hunasa chembe za damu kama wavu unavyonasa dagaa.

Kioo hakina utando huo, tena uso wake una chaji hasi, ambayo hukiamsha kigandishi cha XII na kuuanzisha mlolongo kwa mlango mwingine. Plastiki haifanyi hivyo ipasavyo. Kwa hiyo kipimo cha jana hakisemi lolote juu ya mgonjwa, na hata kioo kilichooshwa kwa sabuni huharibu jibu.

Daktari, Tabora:
Nakubaliana na mwenzangu wa Kigoma. Kuhusu mgonjwa, sumu ya ngole (nyoka wa mitini), kwa mfano, huigeuza protrombini kuwa thrombini katika damu inayozunguka, pasipo jeraha lolote la kuziba, mpaka fibrinojeni inakwisha. Damu yake haigandi kwa sababu vya kugandishia vimeshatumika ovyo. Ukimwongezea plazma (majimaji ya damu yenye vigandishi) peke yake, sumu itaila nayo. Kinachohitajika ni dawa ya kuizima sumu, inayolingana na nyoka huyo, kisha kipimo kirudiwe baada ya saa 6. Nawaomba sana msimchome sindano za msulini mgonjwa wa namna hii, kwani kila tundu litavuja.

Mwanafunzi:
Ahsanteni mno. Je, mtu asiye na kigandishi cha XII atavuja damu kama huyu?

Mtaalamu wa maabara, Kigoma:
Hapana, na swali lako ni zuri. Mwaka 1955 watafiti Oscar Ratnoff na Joan Colopy walichapisha kisa cha John Hageman, mfanyakazi wa reli nchini Marekani, ambaye damu yake ilichelewa mno kuganda kwenye kioo ingawa hakuwa na tatizo la kuvuja damu. Alifariki mwaka 1968, baada ya kuvunjika nyonga, kwa donge la damu lililoziba mshipa wa mapafu. Mwilini, kazi ya kuziba jeraha huanzishwa na kichochezi cha tishu. Kigandishi cha XII ni muhimu zaidi kwa chupa yako kuliko kwa kidonda chako. Kesho asubuhi tafuteni chupa mpya za kioo, uweke damu yako kando ya ile ya mgonjwa, mrudie kipimo.