Mjadala: Shule za Lubumbashi zipime watoto uzito ao ziache?

Mama wa Katuba: Juma iliyopita kijana wangu wa miaka 10 alipimwa darasani mbele ya wenzake, na viatu na suweta mwilini. Mwalimu akasoma kwa sauti: kilo 40, umenenepa. Tangu siku hiyo bukari (ugali) anaisukuma pembeni. Shule ziendelee na kazi hii?

Muuguzi Kamalondo: Pole, mama. Kilo peke yake haisemi kitu. Kama ana mita 1.40, zidisha 1.40 kwa 1.40, kisha gawanya 40 kwa jibu hilo, utapata 20.4: ndicho kipimo cha uzito kwa urefu (BMI). Mtu mzima hapo yuko sawa. Mvulana wa miaka 10, kwa jedwali la Shirika la Afya Duniani la 2007, amepita mstari wa uzito uliozidi, 18.5, hajafika unene wa kupindukia, 21.4. Angekuwa na miaka 13, 20.4 haina neno. Sasa watoto wangapi hawana cheti cha kuzaliwa, shule inaandika umri aliotaja mjomba? Ila wanene wa kweli wako Golf, mtaa wa wenye pesa, wanaoshushwa na gari mlangoni.

Baba wa Golf: Golf imekukosea nini? Mimi nimekulia Katuba, maji nimebeba kichwani.

Kijana wa Ruashi: Jedwali lenyewe limetokana na watoto wa Marekani. Kwa nini watupime nalo?

Muuguzi Kamalondo: Kuanzia miaka 5, msingi wake ni Marekani, kweli. La walio chini ya 5, la 2006, lilipima watoto wa nchi 6, Ghana ikiwemo.

Tantine Kenya (mtaa wa Lubumbashi): Nani amesema bukari inanenepesha? Nimelea saba kwa bukari na kalembula (majani ya viazi vitamu), hakuna aliyeharibika! Semeni soda na biskuti.

Kijana wa Ruashi: Tantine, ya mahindi ao ya muhogo?

Tantine Kenya: Ya mahindi! Ya muhogo ni ya wageni.

Mama wa Katuba: Jamani, jana amelala na maji tu tumboni. Kesho naenda shuleni, nimwambie mwalimu nini?

Muuguzi Kamalondo: Avue viatu na suweta, apimwe peke yake, urefu uandikwe pamoja na tarehe ya kuzaliwa. Namba uletewe wewe, darasa lisiisikie.

Baba wa Golf: Binti yangu ana miaka 12, kilo 52. Wenzake wanamwita Gunia. Ndiyo maana neno lako la gari limeniuma.

Muuguzi Kamalondo: Nisamehe, baba. Ana urefu gani?