Shule ya msingi ya mtaani: kwenye kuchangia ni yetu, kwenye kuikagua tuna kiherehere

Wakuu, salaam.

Nina binti, Januari anatakiwa kuanza darasa la kwanza. Tunakaa huku pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam, njia ya Gongo la Mboto kwenda Chanika, na shule ya msingi ya serikali iko mwendo wa dakika kumi kwa mguu wa mtoto. Jina la shule sitalitaja na msinifuate pembeni kuniuliza. Huenda mtoto akasoma palepale, sitaki akanyooshewe kidole kwa maneno ya baba yake.

Uandikishaji ulipotangazwa nikasema kabla sijapeleka cheti cha kuzaliwa, ngoja nikaione hiyo shule. Si jambo la ajabu hilo. Mtu akitaka kupanga chumba cha elfu hamsini anaulizia maji, choo, umeme na tabia za majirani. Mimi naenda kumwacha mtoto kwa miaka sita au saba, niulize tu maswali manne.

Ofisini nikamkuta mwalimu mkuu, mama wa makamo. Nikaamkia, nikajitambulisha jina na mtaa ninaotoka, nikaomba kujua darasa la kwanza mwaka huu lina watoto wangapi, lina walimu wangapi, vyoo vikoje, na watoto wanaingia wote asubuhi au kwa zamu. Akavua miwani akailaza juu ya daftari la uandikishaji.

"Baba, umetumwa na nani?"

Nikamwambia sijatumwa, ni mzazi.

"Umeandikisha?"

Bado, ndiyo nataka kuona kwanza.

"Hapa si sokoni, baba, huji kubonyeza nyanya. Ukitaka mwandikishe, hutaki shule za kulipia zimejaa njia nzima."

Walimu wawili waliokuwa wanasahihisha pembeni wakacheka. Nikameza. Halafu, na hapa ndipo damu iliponichemka, akavuta karatasi kwenye droo akanipa. Nikadhani ndiyo maelezo ya shule. Kumbe ni orodha: rimu moja ya karatasi, ufagio wa chelewa, ndoo yenye mfuniko, dawati 20,000, mlinzi 1,000 kila mwezi, jaribio la Ijumaa 500. Nakala ya nakala, hata wino umefifia. Haina muhuri, haina sahihi, haina jina la aliyeitoa.

Yaani ofisi ya umma haina hata mstari mmoja wa kunieleza mwanangu atakaa wapi na atafundishwa na nani, ila ya kudai imeshatolewa nakala inanisubiri kwenye droo.

Wakati natoka nikapita kibaraza cha madarasa. Madirisha hayana vioo, ni nondo tu, kwa hiyo mtu huhitaji kuchungulia, unaona. Darasa la kwanza. Juu kulia ubaoni mwalimu ameandika mahudhurio kama ilivyo kawaida: Wav 88, Was 93, Jml 181. Nimesoma mara mbili nikidhani ni namba ya hesabu. Madawati ya mbele watoto wanne wanne, na nyuma hakuna dawati kabisa, wamekaa sakafuni wameegemea ukuta. Kuna kamtoto kalikuwa kameweka daftari kwenye mgongo wa mwenzake kanaandika, na mwenzake ametulia tuli, ameinama, kama wameshazoeana hivyo. Wakibadilishana zamu sijui. Mwalimu ni binti mdogo tu, sauti imekauka, anaimbisha "ba be bi bo bu" huku madaftari yaliyosubiri kusahihishwa amepanga mafungu mafungu dirishani. Aliponiona nashangaa akanong'ona, "Hao ni wa leo baba, Jumatatu wanazidi."

Huyo binti sina ugomvi naye. Naomba hilo lieleweke kabla hamjaanza kuwatukana walimu humu. Kiwango cha serikali yenyewe ni watoto 45 kwa mwalimu mmoja. Kipindi cha darasa la kwanza ni dakika 30. Mwalimu akiamua kila mtoto amsomee silabi kwa dakika moja tu, hao 181 watakula saa tatu, vipindi sita vizima, na hapo hajasahihisha daftari hata moja. Kusoma, kuandika na kuhesabu ndiyo kazi kubwa ya darasa la kwanza na la pili. Mtoto akipita hapo bila kusoma, mwalimu wa darasa la nne atamwona mjinga na fimbo zitaanza.

Vyoo sina maneno mengi. Mwongozo unataka tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Upande wa wasichana nimeona matundu manne, mawili hayana mlango. Shule ina watoto zaidi ya elfu mbili. Mwenye binti ataelewa kwa nini nilisimama pale muda mrefu.

Sasa tuje kwenye hela, maana najua kuna wataalamu watakuja na "elimu ni bure mkuu, unalalamika nini". Elimu bila malipo ilianza Januari 2016 kwa Waraka wa Elimu namba 5 wa 2015. Ruzuku ya shule ya msingi ni 10,000 kwa mtoto kwa mwaka mzima, na humo 4,000 inabaki juu kwa ajili ya vitabu. Inayofika shuleni ni 6,000. Kwa watoto elfu mbili ni milioni 12 kwa mwaka, milioni moja kwa mwezi, na humo utoe chaki, karatasi za mitihani, matengenezo na shughuli za ofisi. Halafu hiyo 10,000 ni kiwango cha tangu enzi za MMEM, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, mwaka 2002, dola moja ikiwa karibu shilingi elfu moja. Leo dola moja inapita elfu mbili na ruzuku haijatikisika. Kwa hiyo ninapoona shule inaomba rimu, naelewa. Shule haina hela, hilo siyo siri.

Tatizo langu ni jinsi inavyoombwa. Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango ya lazima kwenye shule za serikali, akasema mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu ya mchango. Mchango ni hiari, unapita kwenye utaratibu, unakuwa na kibali na risiti. Hii karatasi yangu iko wapi kwenye huo utaratibu? Na mapato na matumizi ya shule yanatakiwa kubandikwa kwenye ubao wa matangazo, kila mzazi asome. Ubao nimeuona. Una ratiba ya zamu ya walimu, tangazo la mtu anauza kiwanja Majohe, na picha ya chanjo. Basi.

Nikaulizia kamati ya shule, maana ndiyo wawakilishi wetu. Majirani watano sita wenye watoto pale, hakuna anayejua mwenyekiti ni nani. Mmoja akakumbuka ni mzee fulani ambaye watoto wake walishamaliza darasa la saba zamani. Kikao cha wazazi? "Wanaita wakiwa wanataka mchango."

Na hapo niwageukie wazazi wenzangu, maana na nyie mna yenu.

Kwenye kundi la WhatsApp la mtaa nilivyouliza tu "jamani ile shule ikoje", nilipata majibu arobaini ndani ya saa moja. "Kayumba huwezi kumpeleka mtoto" (ndivyo wanavyoziita shule za serikali). "Wanatoka hawajui kuandika jina." "Wanafundishwa matusi." Nikauliza nani ana mtoto pale sasa hivi. Kimya. Nani amewahi kuingia ndani ya geti? Kimya. Mmoja akatuma matokeo ya darasa la saba kutoka tovuti ya NECTA, Baraza la Mitihani, wastani wa shule uko daraja C, kwisha habari, hukumu imetoka. Ndugu zangu, ule wastani ni wa alama 300 za masomo sita ya watoto waliokaa kambi, wakapigwa majaribio kila wiki na kupewa walimu wazuri kuliko wote wa shule. NECTA wenyewe waliacha kutangaza shule bora kitaifa. Hauniambii chochote kuhusu yule wa sakafuni darasa la kwanza. Shule inaweza kupata B darasa la saba huku nusu ya watoto walioanza nao hawakufika kwenye huo mtihani.

Mwenye uwezo kidogo anakimbilia ingilishi midiamu. Nimeziona na hizo, sikukaa nyumbani. Mapokezi yake, aisee, unapewa kiti, unapewa maji, unatembezwa hadi jikoni. Hapo ndipo nilipozidi kuumia, kwamba kuoneshwa shule kumbe kunawezekana ukiwa na hela. Lakini kwa bei ninayoweza mimi, milioni moja na laki tatu kwa mwaka na basi juu, nilichooneshwa ni vyumba vya kubanana, watoto 30 kweli, na mwalimu kijana ambaye nilipomuuliza amesomea chuo gani cha ualimu akaangalia chini. Wa serikali angalau amepita chuo na ana cheti. Na basi la njano linapita saa kumi na moja alfajiri, mtoto wa miaka sita amelala dirishani mdomo wazi, anazungushwa vitongoji vyote mpaka saa mbili kasoro. Eti nimlipie milioni ili asilale. Hapana.

Mimi nataka shule ya karibu. Nataka hesabu azielewe kwa Kiswahili anachokiota usiku, Kiingereza cha sekondari tutakipambania. Nataka aende na watoto wa majirani na arudi kwa miguu nikimwona. Kilichonishinda ni kulazimishwa nichague nikiwa nimefumbwa macho, nikifumbua naulizwa nimetumwa na nani.

Kuna jambo jingine niliseme tu: lile basi la njano linasimama pia mbele ya nyumba za walimu. Siwalaumu, wanajua 181 ni nini kuliko mimi. Ila diwani anayekuja kukata utepe wa madarasa mawili mapya, mwanawe anasoma wapi?

NYONGEZA, SAA TATU USIKU

Nimesoma majibu yenu. Nawajibu kwa ujumla.

Mnaosema "mpe mwalimu mkuu heshima yake": nilimwamkia, nikamsikiliza, nikaondoka bila kujibizana. Anapewa posho ya madaraka 200,000 kila mwezi, na kumjibu mzazi ni sehemu ya hayo madaraka.

Aliyesema nimpeleke Olympio au Diamond, ni za serikali na wanafundisha kwa Kiingereza: mkuu, ziko mjini kabisa, mimi niko huku, na wanaozigombania ni jiji zima. Nimekushukuru lakini.

Aliyeniambia "peleka tu, ukishaandikisha utasikilizwa": wale majirani zangu wameandikisha miaka minne iliyopita.

Aliyenipa wazo la maana ni yule wa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Kumbe raia anaomba taarifa kwa maandishi na ofisi ya umma inatakiwa kumjibu ndani ya siku 30. Barua nimeshaiandika, ukurasa mmoja: idadi ya watoto na walimu wa darasa la kwanza, idadi ya matundu ya vyoo, ruzuku iliyopokelewa mwaka huu na ilivyotumika, na kibali cha ile michango kimetolewa na nani. Nitaipeleka kwa mwalimu mkuu, nakala kwa Afisa Elimu Kata na kwa mtendaji wa mtaa.

Aliyewahi kuwa mjumbe wa kamati ya shule aniambie mawili tu: daftari la mapato na matumizi linakaa kwa nani, na mzazi akikataliwa kuliona anakwenda kata au anapanda moja kwa moja kwa Afisa Elimu Msingi wa Jiji? Na kama kuna mwingine wa njia hii ya Chanika anayeandikisha mwaka huu aje tusaini wote. Jumatatu saa mbili nitakuwa pale, na muhuri wa kupokelewa naudai kwenye nakala yangu kabla sijatoka getini.