Mafundi wa "badilisha hiki, badilisha kile" mmenichosha! Mlitaka nitupe injini nzima kisa kampira

Wakuu habari zenu, leo naandika nikiwa na hasira kweli na naomba mnivumilie maana hili jambo limenitesa miezi 5. Nina Corolla ya 1996, injini 4A-FE, ile ya cc 1,587, imeshatembea kilomita 340,000 na ushee. Gari yenyewe sina ugomvi nayo, oili namwaga kila kilomita 5,000 na haijawahi kunilaza njiani. Sasa ikaanza kula mafuta. Kutoka kilomita 12 kwa lita ikashuka mpaka 7, ukisimama silensa (mizunguko ya injini bila kukanyaga) inapanda inashuka, 600, 1,100, 600 kwa dakika, kama kuna mtu anakanyaga na kuachia, na kwenye ekzosi inatoka harufu ya petroli mbichi mpaka macho yanawasha.

Gereji ya kwanza fundi hata boneti hajafungua kashasema plagi. Haya, plagi zote 4 mpya. Hamna kitu. Akasema waya za plagi, nikanunua, akazifunga akachanganya mbili gari ikawa inapiga risasi kwenye ekzosi, mpangilio wa silinda kupokea moto ni 1-3-4-2 na injini hii imekuwepo miaka yote hiyo, unachanganyaje? Akarekebisha, tatizo liko palepale. Akahamia pampu ya mafuta. Jamani! Gari inanuka petroli, inatoa moshi mweusi, maana yake mafuta yanaingia MENGI, wewe unabadilisha pampu? Pampu ikichoka gari inakosa mafuta, inaishiwa pumzi mlimani, haitoi moshi mweusi. Hiyo inahitaji kufikiria dakika 1 tu na hakuifikiria, na mimi ndo nikalipa.

Gereji ya pili ndo balaa zaidi. Wakabadilisha nozeli zinazopuliza petroli kwenye injini. Halafu mmoja akalegeza distributa, ile inayogawa moto kwenye plagi, akawa anaizungusha huku anasikiliza kwa sikio, eti "hapo imekaa". Taiming, yaani plagi ipige moto wakati gani, kwenye hii injini haisetiwi kwa sikio. Unaunganisha matundu ya TE1 na E1 kwenye kile kiboksi cha daignosisi ili kontrol boksi (kompyuta ya injini) iache kuichezea taiming, unamulika kwa taa ya taiming, unaweka digrii 10 kabla ya TDC (pistoni kufika juu kabisa), basi. Usipounganisha, kontrol boksi inaendelea kusogeza taiming yenyewe, kwa hiyo unachosoma ni uongo na unachoseti ni uongo. Nilimwambia, akaniangalia kama namvunjia heshima.

Mwishowe wakachomoa plagi, nyeusi tii. Hapohapo bosi wao akatoa hukumu: "Mzee hii oili inapita, ringi za pistoni zimekwisha, tafuta injini nyingine." Kaona kilomita kwenye dashibodi, kaona weusi, kamaliza. Hakupima chochote.

Na hapa ndo nataka tuelewane vizuri wakuu, hasa wenye magari yaliyotembea sana. Plagi nyeusi ziko za aina 2. Ukipitisha kidole ikabaki utelezi, weusi umeloa, hiyo ni oili na hapo ndo uanze kuwaza ringi au sili za valvu. Ila ukipitisha kidole yakatoka masizi makavu kama ya chungu, hayo ni mafuta yamezidi. Zangu zilikuwa kavu kabisa, kidole kilitoka kama nimeshika mkaa! Na oili kwenye kijiti haikuwa inapungua, kati ya sevisi na sevisi naongeza kidogo sana. Ringi zimekwisha oili inabaki vipi?

Nikaazima geji ya kompresheni, inayopima mgandamizo ndani ya silinda, nikafanya mwenyewe. Injini ya moto, plagi zote nje, unakata moto wa distributa na mafuta, mtu anakanyaga akselereta mpaka chini anapiga stata. Nikapata 168, 172, 165 na 170 psi. Hiyo ni injini ya kutupa? Kilomita 340,000 na silinda zote 4 zinalingana hivyo, mtu anakwambia katafute nyingine!

Nikaanza kufuata mipira mmoja mmoja kwa tochi. Hii injini haipimi hewa kwenye bomba la eyaklina (chujio la hewa), inapima mvuto ulio ndani ya manifodi (mabomba yanayopeleka hewa kwenye silinda), kwa sensa iliyofungwa ukutani nyuma ya injini, na kinachoiunganisha na manifodi ni kampira kembamba tu. Mvuto ukiwa mkubwa kontrol boksi inajua injini imetulia, inabana mafuta. Mvuto ukiwa mdogo inajua umekanyaga, inaongeza. Sasa huo mpira ukishika katikati unaona mzima, mweusi, hauna shida. Nilipoupinda pale mwisho, unapovaa kwenye sensa, ukafunguka mpasuko kama mdomo, urefu wa ukucha, na mpira wenyewe umekauka mgumu kama plastiki. Hewa ya nje inaingia pale, sensa inaona mvuto mdogo, kontrol boksi inaamini nimejaza mzigo napanda mlima, inamwaga petroli huku gari imesimama!

Na taa ya injini haikuwaka kwa sababu sensa haijafa, inasoma vizuri tu, ila inasoma hewa isiyo yenyewe. Kwa hiyo wale wa "taa haijawaka basi hamna shida kwenye umeme" na nyie mjirekebishe.

Nikakata ile ncha iliyopasuka, nikaurudisha kwa muda, silensa ikatulia palepale kwenye 750. Nilikaa pembeni ya gari nikiwa nimeshika hicho kipande na nilitaka kulia, si kwa furaha.

Haikuishia hapo. Mafuta yalirudi mpaka 10 hivi kwa lita, sio 12. Nikakumbuka tangu gereji ya kwanza wamwage maji ya rejeta mshale wa joto ulikuwa haufiki pale ulipozoea, ukienda spidi unashuka kabisa. Nikafungua nyumba ya themostati. TUPU. Waliitoa, hawakuniambia. Themostati ya hii injini inaanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, kazi yake ni kufanya injini ipate moto haraka na ibaki na moto. Ukiitoa injini inakimbia baridi, kontrol boksi inadhani ndo kwanza imewashwa asubuhi, inaendelea kuongeza mafuta, na oili inachafuka mapema. Kuna fundi anaamini kabisa kuitoa ni kuisaidia injini, na wanafundishana hivyo! Nimeweka mpya, mshale umerudi mahali pake, nimepima tanki 2, kilomita 12 na kidogo.

Sasa naomba mnaojua mniambie, hivi kuna gereji ambayo inapima kwanza? Geji ya kompresheni, geji ya vakyumu (ya kupima huo mvuto), taa ya taiming, mita ya umeme, hivyo ni vitu vya kawaida kabisa vya ufundi. Maana mimi nimenunulishwa plagi, waya, pampu na nozeli, vyote kwa pesa yangu, na hakuna hata kimoja kilichokuwa kibovu.

Wiki iliyopita nilifuata pampu yangu na nozeli za zamani, naambiwa zilitupwa. Zilikuwa nzima. Kesho asubuhi narudi pale na kile kipande cha mpira, na yule aliyesema ringi zimekwisha nataka akipinde mwenyewe mbele yangu.