Spidi kila siku au mbio ndefu taratibu? Naomba ulinganisho kabla ya Ijumaa

Mkimbiaji_Chuda:
Wakuu, salaam. Ijumaa natakiwa nimlipe kocha na bado niko njia panda. Wa kwanza ni mtu wa spidi: uwanjani mara tano kwa wiki, saa mkononi, anayebaki nyuma anarudia. Wa pili anakimbiza watu taratibu barabara ya Pangani, spidi mara moja tu kwa wiki. Bei haipishani. Nimfuate nani?

Mzee_Ngamiani:
Ndugu, hujasema mbio gani, umri gani, wala kwa sasa unamaliza kilomita ngapi kwa wiki. Bila hayo tutapiga ramli.

Spidi_Makorora:
Spidi, bila kupepesa macho. Mita 400 mara 10, katikati unajogi mita 200. Zátopek, yule Mcheki, alijijenga kwa mazoezi ya namna hiyo, na Olimpiki ya Helsinki 1952 akabeba dhahabu za mita 5,000, mita 10,000 na marathoni. Moyo unajifunza kusukuma damu nyingi kwa kila pigo, na kichwa kinazoea maumivu: mpinzani akichomoka hubabaiki.

Fizio_Chumbageni:
Dozi ya Zátopek hapewi mtu asiye na msingi. Pumzi na misuli huimarika ndani ya wiki chache. Kano na mifupa hutaka miezi. Hapo ndipo watu wanaumia.

Kuna kijana wa hapa mjini alipelekwa hivyo hivyo, kocha simtaji. Wiki ya tatu muundi ukaanza kuuma kwa ndani, chini kidogo ya katikati. Mwanzoni ulikuwa unauma akianza kukimbia, mwili ukipata moto unaacha. Akaambiwa ni uvivu. Baadaye ukauma hata akitembea, na ukibonyeza kwa kidole kimoja anaruka, sehemu ileile moja. Hapo si misuli tena, shuku ufa wa mfupa. Akasimamishwa mbio kabisa. Mfupa ulipona, kichwa kikachelewa: usingizi ulikatika, chakula hakipiti, akisikia filimbi tumbo linavurugika.

Yeyote utakayemlipa, pima mapigo ya moyo kabla hujatoka kitandani. Yakizidi kawaida yako kwa 7 hadi 10 asubuhi mbili mfululizo, hakuna spidi siku hiyo.

Mkimbiaji_Chuda:
Samahanini. Nusu marathoni, miaka 34, kilomita 20 kwa wiki.

Dada_Raskazone:
Basi kaka, wa pili. Lydiard, kocha wa New Zealand, aliwakimbiza watu wake hadi kilomita 160 kwa wiki kabla ya kuwapa spidi, na mmoja wao, Snell, akashinda mita 800 Olimpiki ya Rome 1960. Wewe nenda 20, 22, 24, wiki ya nne urudi 20. Kimbia mwendo ambao unaweza kusema sentensi nzima bila kukata pumzi. Na kwa joto letu la Tanga usiifuate saa: unyevu unazuia jasho kukauka, moyo unakwenda mbio zaidi kwa mwendo uleule. Toka saa 11 alfajiri. Siku moja moja nenda ufukweni, mchanga unaimarisha miguu.

Spidi_Makorora:
Na Simbu wetu, mashindano ya dunia Tokyo 2025? Marathoni nzima, akampita Mjerumani pale pale mstarini. Ile si spidi?

Fizio_Chumbageni:
Ni spidi, lakini imekaa juu ya miaka ya mbio ndefu. Asiye na msingi, kilomita ya 42 miguu haimsikii.

Mzee_Ngamiani:
Dada, mchanga usimpe mgeni. Ule laini kisigino kinazama, kano ya nyuma inavutika kila hatua. Tena ufuo una mteremko, mguu wa upande wa bahari unashuka zaidi na nyonga inapinda.

Dada_Raskazone:
Kweli mzee, nilimaanisha mchanga mgumu uliolowa. Dakika 15 tu, uende na urudi njia ileile ili mteremko ugawanywe kwa miguu yote miwili.

Mzee_Ngamiani:
Siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, alfajiri maji huwa yamejaa, huo mgumu hauoni. Unabaki ule laini wa juu. Siku hizo abaki barabarani, au asubiri maji yapwe, na hapo jua limeshakuwa kali.