Mjadala: Deadshot ni kazi ya nani?

Mleta mada
Wadau, Deadshot, jina lake halisi Floyd Lawton, mlengaji shabaha maarufu kuliko wote katika katuni za Batman, alitokea mara ya kwanza katika Batman namba 59, Juni–Julai 1950. Hadithi iliandikwa na David Vern Reed, na michoro ni ya Lew Sayre Schwartz, aliyekuwa akichora kwa niaba ya Bob Kane bila kutajwa. Deadshot anapotumika leo, yaandikwe majina ya nani? Mimi nasema Reed na Schwartz, basi. Aliyezaa ndiye mzazi, waliofuata wamelea tu. Bill Finger alifariki 1974, na jina lake halikuwekwa rasmi kando ya la Kane kama mwenza wa kumuumba Batman hadi 2015. Dhuluma ile isirudiwe.

Mpenda Wino
Mkuu, mtazame vizuri huyo wa 1950. Kofia ndefu ya kitajiri, suti ya jioni, kinyago kidogo cha kufunika macho. Anaingia Gotham, mji wa Batman, akijifanya mlinzi wa raia, kumbe anautaka ufalme wa wahalifu. Batman na Kamishna Gordon wanamuumbua, anafungwa. Hajaajiriwa na mtu yeyote kuua. Baada ya hapo ni kimya cha miaka 27.

Tunayemjua sisi alitoka Detective Comics namba 474, Desemba 1977. Steve Englehart kaandika, Marshall Rogers kachora, Terry Austin katia wino. Hapo ndipo yalipokuja mavazi mekundu, kinyago cha chuma, kioo cha kulengea kwenye jicho moja na bunduki zilizofungwa vifundoni mwa mikono. Fikirini kazi ya bunduki zile kwenye ukurasa. Mtu akishika bastola, mchoraji ana vitu viwili vya kuonyesha, mkono na silaha. Rogers kaviunganisha. Deadshot akinyoosha mkono tu, mkono wenyewe ni mtutu, na jicho la msomaji linafuata mstari ule hadi kwa anayelengwa. Kinyago nacho hakina mdomo, kwa hiyo hatujui kama anacheka au ana hasira. Mchoraji yeyote aliyemchora baadaye amekula kwenye sahani ya Rogers, na bado mnataka jina lake liachwe?

Kurasa Chakavu
Nyote wawili mmeishia kwenye nguo. Tabia je? Mwaka 1987 John Ostrander alimweka katika Suicide Squad, kikosi cha wafungwa wanaotumwa kazi za hatari ili wapunguziwe vifungo. Wengine wanataka kutoka hai. Lawton hajali, kama si kwamba anakitafuta kifo kabisa. Jambo hilo halimo 1950, wala 1977.

Someni namba 22, Januari 1989. Rick Flag, kiongozi wa kikosi, anakwenda kumuua Seneta Cray, aliyekuwa akikitishia kikosi. Deadshot anaagizwa amzuie Flag asimuue seneta, kwa njia yoyote. Anawafikia kwenye mnara wa kumbukumbu wa Lincoln, na anampiga risasi seneta mwenyewe. Flag hakumuua, kwa hiyo agizo limetimia neno kwa neno. Mhusika mzima yumo katika risasi ile moja: utii usio na dhamira ndani yake.

Asili yake ilikuja kwenye mfululizo wa matoleo manne, 1988 hadi 1989, ulioandikwa na Ostrander na Kim Yale na kuchorwa na Luke McDonnell. Mama anawataka wanawe wamuue baba yao. Floyd anapanda mti na bunduki ili aipige silaha iliyo mkononi mwa kaka yake, Edward, ambaye anampenda kuliko mtu yeyote. Tawi linakatika, risasi inamuua Edward. Asiyekosa shabaha alikosa mara moja, pale pasipostahili kukosa. Kim Yale anasahaulika kila orodha inapoandikwa, na hilo linaniuma.

Sheria Kwanza
Tutenganishe sifa na haki. Kwa sheria ya Marekani, kazi iliyofanywa kwa kuajiriwa ni mali ya kampuni tangu mwanzo, na ile haki ya mtunzi kudai kurudishiwa kazi yake baada ya miaka kadhaa haigusi kazi za namna hiyo. Lakini sheria hiyohiyo inawajibu. Kazi za kampuni za miaka hiyo hulindwa miaka 95 tangu zitoke. Yule wa kofia ndefu atakuwa huru kutumiwa na yeyote 1 Januari 2046. Kinyago cha chuma kitasubiri hadi 1 Januari 2073, na yaliyoongezwa mwaka 1987 yatasubiri hadi 2083. Atakayekosea ni yule atakayeona 2046 imefika akachora bunduki za vifundoni, kwa sababu jina ni lilelile. Sheria inamsoma Deadshot kwa tabaka, na hata alama ya biashara ni suala jingine.

Mleta mada
Hoja ya tabaka naikubali, nusu. Ila msisahau kwamba Reed hakuwa marehemu wala mstaafu. Mwaka huohuo wa 1977 alikuwa akiandika Batman, ile hadithi ya namba 291 hadi 294 ambamo maadui wanabishana ni nani aliyemuua. Mhusika wake alibadilishwa katika jarida la jirani, yeye akiwa kazini. Basi napendekeza mistari miwili. Wa kwanza: "Waumbaji: Reed na Schwartz." Wa pili: "Umbo la sasa: Englehart na Rogers."

Kurasa Chakavu
Na wa tatu, Ostrander na Yale. Bila huo, umbo la sasa ni kinyago kitupu.

Mpenda Wino
Mkiongeza wa tatu, mwekeni na McDonnell. Lile tawi ni yeye aliyelichora.